Kalamu Chini

Mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna mtoto aliyepita mikononi mwake akamsahau. Wachache walimkumbuka kwa shukrani, wengi kwa makalio. Darasa lake liliongoza mitihani mwaka hadi mwaka, na siri ya ushindi haikuwa kubwa: alikuwa na pua ya kunusa swali kabla halijatungwa, na rula ya mti ambayo haikujua likizo. Muda wa mtihani ukiisha alitamka maneno mawili tu, "Kalamu chini," na kalamu zote zikalala mezani kwa pamoja. Aliyethubutu kumalizia hata herufi moja alijuta kuzaliwa. Basi watoto wakambatiza jina hilo hilo, Kalamu Chini, likamganda mpaka akastaafu, na kimoyomoyo alilipenda.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole wa vidole vyembamba, aliyeshinda kwenye kibanda chake cha vioo na lenzi jichoni, akihangaika na gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Tangu siku ya harusi alimwita mkewe Mwenzangu. Hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa cheo. Sauti ya mke iliyotetemesha shule nzima ililainika kila ilipoitwa hivyo, na majirani walizoea kutaniana kwamba simba akifika mlangoni anavua makucha pamoja na viatu. Ilikuwa kweli. Nyumbani kwake ndipo mahali pekee ambapo hakuwa mwalimu wa mtu.

Halafu fundi saa akaanza kupotea. Kwanza alifungua saa ya mteja, akatandaza vyuma vyake juu ya kitambaa, akashindwa kuvirudisha. Alivitazama mchana kutwa kana kwamba ameletewa mchele auchambue. Baadaye akawa anauliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa. Mkewe alijikaza. Uzee, alisema, kila mtu na zamu yake. Lakini alasiri moja alirudi kutoka sokoni, mumewe akamfungulia mlango, akamtazama kwa adabu nyingi na kusema, "Karibu, mama. Mwenye nyumba ametoka kidogo, anarudi sasa hivi. Mke wangu huyo, si mtu wa kuchelewa."

Mara akazinduka, akacheka, akamwita Mwenzangu na kumpokea kikapu. Mke naye akacheka. Kisha akaingia jikoni, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuogopa kuuguza, wala kumlisha mtu mzima kwa kijiko. Aliogopa jambo moja tu, siku ambayo yule mwanamume angemtazama hivyo halafu asirudi tena.

Ndipo akasikia habari za chuo kikuu. Watu wa idara ya saikolojia walikuwa wanatafuta wazee wanaosahau. Walikuwa wametunga kipimo kipya cha kumbukumbu, na pamoja nacho matibabu mapya: mazoezi ya akili katika vikundi, dawa, na mhudumu wa kumtembelea mgonjwa nyumbani. Waliokwisha kutibiwa, watu walisema, waliendelea kuwajua wajukuu zao kwa muda mrefu. Ila nafasi zilikuwa chache. Aliposikia nafasi ni chache, damu ya Kalamu Chini ilichemka kama ya zamani, maana maisha yake yote alikuwa akiwapitisha watoto kwenye milango myembamba.

Idara yenyewe, alikompeleka mumewe, ilikuwa korido ndefu yenye mabenchi ya mbao, feni inayolalamika darini, na mlango uliobandikwa karatasi: Kimya, Upimaji Unaendelea. Mlango ukafunguka, akatoka kijana wa miwani, shati limechomekewa vizuri, na alipomwona bibi yule alisimama wima bila kutaka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani?"

"Umenisahau? Mimi ndiye Zezeta."

Akakumbuka. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, mbele ya darasa, na darasa likalichukua. Yule mtoto wa kamasi asiyejua kujumlisha sasa alikuwa daktari wa chuo, tena ndiye kiongozi wa utafiti wote.

"Uliniachia kumbukumbu, Mwalimu," Daktari alisema huku akicheka. "Mtihani wa mwisho. Niligundua dakika za mwisho kwamba nimejaza majibu yote mstari mmoja chini. Yote sahihi, ila yamekaa pasipo pake. Nikakuomba dakika moja niyahamishe."

"Nikasemaje?"

"Ukasema kalamu chini. Nikarudia mwaka mzima."

"Na tazama ulipofika!" alisema Kalamu Chini, akacheka kumzidi. Hakuona aibu hata chembe. Aliona kazi ya mikono yake.

Daktari akawaketisha, akaeleza. Vipimo vya zamani vilitoka nje, vikamwonyesha mzee wa watu picha za wanyama asiowahi kukutana nao, na akikosa majina yao anaandikwa mgonjwa. Wao walikuwa wamekaa miaka wakitunga chao, kwa maneno ya hapa hapa, wakakijaribu kwa mamia ya wazee.

"Sasa, kuhusu namna tunavyochagua watu wa matibabu," alisema, "tumeweka mstari, Mwalimu, na wale ambao—"

"Mwanangu, mitihani ndiyo iliyonilea," akamkatiza. "Habari za mstari nilizijua wewe hujaota meno. Nitajie siku tu."

Daktari akafumba mdomo, akataja siku. Angeweza kusisitiza. Lakini kuna watu ambao ukishawahi kukaa mbele yao umevaa kaptula, hutawakatiza tena hata ukiota mvi, na yeye mwenyewe hakuwa na hamu kubwa ya kumfundisha Kalamu Chini.

Walipotoka, kwenye benchi alikuwa amekaa mke wa fundi bomba mmoja, mwanamke mnene mwenye machozi karibu na maneno karibu zaidi. Mumewe, jitu la mabega mapana, alikuwa pembeni yake akitabasamu kwa ukuta.

"Dada yangu, huyu ameniaibisha humo ndani," alisema bila kuulizwa. "Waliniruhusu nikae nyuma nitazame. Wanamtajia maneno matano, wanampigisha porojo nyingine, halafu wanamwuliza tena yale maneno. Mimi niliyekaa kando nimeyashika yote. Yeye hata moja!"

"Maneno gani hayo?" Kalamu Chini aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Limau, mwavuli, jongoo, kengele, shati. Mambo mepesi hayo, dada!"

Kisha yakafuata mengine yote: kuchora saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi, kuhesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kutoa saba saba, kutaja wanyama wengi kwa pumzi moja. Kalamu Chini alimpa pole, akamshika mume wake mwenyewe mkono, akaondoka karibu akimbie. Mtihani ulikuwa umevuja mapajani mwake. Kwa hesabu yake, chuo kingewachukua wale ambao bado wana akili ya kutibika, na fundi bomba masikini alikuwa ameshaanguka. Katika maisha yake hakuwahi kuona mlango uliofunguliwa kwa aliyefeli.

Masomo yakaanza siku hiyo hiyo. Alifuta meza ya kulia, akamketisha mumewe upande mmoja, yeye upande wa pili, akatoa rula kabatini.

"Sema. Limau, mwavuli, jongoo, kengele, shati."

"Limau," alisema fundi saa, "mwavuli..." Akatazama dirishani. "Mwenzangu, leo mvua itanyesha?"

"Usiniulize mvua. Limau, mwavuli, na nini?"

Saa ndiyo ilimshangaza. Mtu aliyezitengeneza saa ujana wake wote alichora duara safi lisilo na kasoro, akapanga namba zote mahali pake, akaweka kalamu mezani bila kuchora mishale. Alipoulizwa mishale iko wapi, alijibu kwamba saa imeletwa hivyo, mwenyewe atakuja nayo jioni. Mkewe alimchorea, akamfutia, akamwambia achore tena. Alimfanya achore mpaka karatasi ya mwisho ikajaa, na hata hapo akamgeuzia upande wa nyuma.

Kutoa saba alikugeuza wimbo, kama alivyowafanyia watoto wazito. Mia, tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa. Kichwa kikikataa, uache mdomo ukariri wenyewe. Na chai, ambayo fundi saa aliipenda kuliko chakula, ilikaa upande wa mwalimu ikitoa mvuke. Akiyataja matano anasogezewa kikombe. Akikosa, kinabaki pale pale mpaka kipoe, na kikipoa kinamwagwa, anaanza upya.

"Mwenzangu, nimechoka," alisema.

"Hapa hakuna kuchoka. Sema."

Alilia siku moja, kimya kimya, huku akifuta macho kwa kiwiko. Moyo wa mke ulimkatika vipande, na ulimkatika kweli, tusimsingizie. Lakini alikuwa na dawa moja tu ya kila kitu na alikuwa ameitumia miaka mingi mno kuiacha. Mume alipokwama tena kwenye jongoo, rula ilinyanyuka yenyewe, ikatua kwenye vidole vyake, vile vidole vyembamba.

Fundi saa hakupiga kelele. Alivitazama vidole, akamtazama aliyempiga, na kitu fulani kikahama usoni mwake. Akakaa wima, akaweka mikono juu ya meza.

"Limau, mwavuli, jongoo, kengele, shati," alisema bila kukwama. "Ndiyo, Mwalimu."

Mkewe alilisikia neno hilo. Kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuitwa hivyo na mdomo ule. Lilimchoma, akataka kusema kitu, akakumbuka mtihani uko mlangoni. Akamsogezea chai. Tangu hapo masomo yalikwenda bila kikwazo, na kila aliposahihisha aliitikiwa Ndiyo, Mwalimu, naye akajiambia kwamba hayo yatarekebishwa na matibabu.

Siku ya kipimo alikaa kiti cha nyuma, mikono imefumbata pochi. Daktari alisoma maswali taratibu, na fundi saa akajibu yote. Alichora saa yenye mishale miwili mizuri. Aliimba mia yake mpaka chini bila kupotea. Alipoulizwa maneno matano baada ya zile porojo, aliyamwaga kabla swali halijaisha, kisha akageuza shingo kutazama kama kuna chai. Msaidizi wa Daktari aliinua nyusi. Kalamu Chini aliuma mdomo kwa ndani asicheke kwa furaha. Alikuwa amempitisha.

Walipoitwa kupewa majibu, mke wa fundi bomba naye alikuwepo kwenye benchi, na Kalamu Chini alimpigapiga begani. Pole yake ilikuwa ya kweli. Aliyeshinda hapungukiwi pole.

"Hongera sana, Mwalimu," Daktari alisema walipokaa. "Mzee ni mzima wa afya. Hatujawahi kumpima mtu wa rika lake akapata alama kama hizi."

"Nilijua. Basi matibabu yanaanza lini?"

Daktari alitabasamu, akidhani ni utani. "Matibabu ya nini?"

"Ya kusahau. Si amefaulu?"

Tabasamu lilimtoka polepole. "Mwalimu, tunaowatibu ni walioanguka chini ya mstari. Mzima utamtibu nini? Siku ile nilitaka kukueleza." Akasogeza kiti. "Ila mzee tunamhitaji sana kwenye kundi la wazima. Wagonjwa tutawapima kwa kuwalinganisha na yeye."

Nje, msaidizi alikuwa amemwambia mke wa fundi bomba kwamba mumewe amepata nafasi. Kigelegele chake kilijaa korido nzima, mtu akamwomba anyamaze, akapiga kingine.

 Kalamu Chini alikuwa mtu asiyewahi kuomba radhi kwa mzazi, mkaguzi wala mwanafunzi. 

"Nilimfundisha," alisema.

"Ulimfundisha nini?"

"Yote. Maneno, saa, kutoa saba. Nilimkaririsha. Hajui leo ni siku gani, hajui tumekuja na nini hapa. Nyumbani anavaa shati nje ndani."

Daktari alivua miwani. "Maswali uliyapata wapi?"

"Kwenye benchi lako hapo nje."

Daktari akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu, maana mwenye hasira hubembelezwa.

"Unajua unaniambia nini, Mwalimu? Unaniambia kipimo changu kimevuja. Nikiliandika hilo, miaka yote ya kazi inakwenda na maji. Matibabu yanasimamishwa, na wote waliochaguliwa leo wanarudishwa nyumbani, kuanzia huyo anayepigiwa vigelegele. Nikinyamaza, anayeumia ni mmoja."

"Mmoja huyo ni mume wangu."

"Najua."

"Basi muulize swali jingine. Moja tu." Alimgeukia mumewe, aliyekuwa amekaa kwa utulivu akizungusha kifungo cha mkono wa shati, kushoto, kulia, kushoto, kana kwamba anatia saa ufunguo. "Muulize mimi ni nani."

Daktari alimtazama mzee kwa muda. Huenda aliona kila kitu. Kuona ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Hilo halimo kwenye kipimo," alisema.

"Mwanangu, nakuomba. Nipe dakika moja."

Daktari akachukua kalamu yake, akaifunika, akailaza juu ya meza taratibu, sambamba na ukingo, kama walivyofundishwa.

"Kalamu chini, Mwalimu," alisema kwa upole.

Kalamu Chini alijaribu kwingine, kwani alikuwa mpiganaji. Hospitalini daktari mwenye foleni ndefu alisoma majibu ya chuo, akamrudishia. Chuo kikuu wamesema mzima, mama, nami ni nani niwabishie? Nenda kapumzike, wewe ndiye unayeonekana umechoka. Akarudi nyumbani na kufanya kichekesho cha maisha yake: akamketisha mumewe kwenye meza ile ile na kumfundisha kusahau. Alimwomba aseme sijui. Alimwambia achore saa bila mishale kama zamani. Fundi saa alishtuka akidhani ni mtego, akasema matano yote kwa haraka zaidi, akivificha vidole chini ya meza.

Miezi ikapita. Yaliyokuwa yake mwenyewe yalimtoka moja moja: kibanda cha vioo, majina ya majirani, njia ya kwenda chooni. Yaliyokuwa ya mtihani hayakutikisika. Mtaani walikutana na fundi bomba na mkewe, wakitoka mazoezini chuoni. Lile jitu lilikuwa bado linapotea hapa na pale, lakini lilimkumbatia mkewe bega na kumwambia Kalamu Chini, "Shemeji, huyu mnene wangu ananipigia kelele mpaka nakosa nafasi ya kusahau." Mkewe akamzaba kofi la mgongo, wakacheka wote wawili. Kalamu Chini aliwaaga mapema.

Alasiri hiyo alitengeneza chai, ya tangawizi, sukari nyingi, kama alivyoipenda mumewe tangu ujana. Rula alikuwa ameshaivunja na kuitupa zamani. Akaingia sebuleni na kikombe. Fundi saa alipomwona alisimama, akanyoosha mikono ubavuni.

"Kaa, mume wangu. Kunywa chai."

Hakukaa. Alikitazama kikombe kwa hamu, koo likipanda na kushuka, lakini mkono haukunyanyuka.

"Limau, mwavuli, jongoo, kengele, shati," alisema.

"Hakuna tena mtihani. Kunywa tu." Akakiweka mbele yake, akamsogelea ili uso wake uwe karibu na wa mumewe. Akapiga moyo konde, akauliza swali aliloliogopa siku zote. "Nitazame vizuri. Mimi ni nani?"

Fundi saa alimtazama, akahangaika. Lilikuwa swali ambalo hakufundishwa. Alijaribu wimbo wa mia, akaufikisha sitini na tano, akaona uso wa mwanamke haukubadilika. Akainamisha kichwa.

"Samahani, Mwalimu. Hilo sijalisoma." Kisha akashusha sauti, kama mtoto anayetaka kusikilizwa na mtu mmoja tu. "Nikifaulu yote, utaniruhusu niende nyumbani? Nimekaa hapa sana. Mke wangu ananisubiri, na yeye si mtu wa kunifokea."

Chai ilikuwa inapoa. Aliona jinsi mumewe alivyoitazama, akijua kwamba ikipoa itamwagwa.

"Yaseme tena," mkewe alimwambia.

"Limau, mwavuli, jongoo, kengele, shati."

"Sahihi," alisema Kalamu Chini, na fundi saa akaketi, akanywa.